Mkaguzi na Mwamba wa Michoro

Dalili ya mvua ni mawingu, na Jumamosi ile ya Julai mawingu yalitanda jikoni kwangu Malvern, Toronto, saa moja asubuhi, kabla sijamaliza kikombe changu cha kwanza cha chai.

Shati langu la bluu lilikuwa limepigwa pasi. Lilining'inia mlangoni, kola imesimama wima, na chini yake kulikuwa na viatu vipya ambavyo sikuvinunua mimi. Mezani, kando ya sukari, umewekwa mkasi mdogo wa kupunguzia ndevu. Binti yangu Wajiha ana miaka thelathini na mmoja, ni mfamasia, na katika maisha yake yote sijamwona akipiga pasi hata kitambaa cha meza. Nguo zake huzivaa zilivyotoka kwenye mashine.

"Tunakwenda kuona mawe," nikamwuliza, "au tunakwenda kula na Waziri Mkuu?"

"Baba, please. Vaa tu."

Nikavaa. Lakini kuvaa si kuamini.

Niseme mapema mimi ni mtu wa namna gani. Miaka ishirini na sita nilifanya kazi Downsview, kwenye kiwanda cha mipira ya milango ya magari. Nilikuwa mkaguzi. Mipira inapita mbele yangu, mimi natafuta kasoro: ufa, kipovu, mahali palipopungua. Mkaguzi akikuta mipira mia mizuri hafurahi, anaanza kuitilia shaka taa. Nimestaafu mwaka wa tatu huu, lakini jicho halistaafu. Marehemu mke wangu Farhat alikuwa akisema kwamba hata akiniletea maji ya kunywa nayatazama kwanza kwenye mwanga. Kweli, nayatazama.

Na kwa wiki tatu nilikuwa nimeona mengi. Simu ya Wajiha ilikuwa inalala kifudifudi mezani. Akipigiwa, anatoka uwani kuongea. Mara mbili nilimkuta ananitazama tu wakati nakula, nikiinua macho anajifanya anasoma. Halafu ghafla, mtoto huyu ambaye kumtoa nyumbani siku ya mapumziko ni kwa kubembeleza, akataka kunipeleka mwendo wa zaidi ya saa mbili, kupita Peterborough, eti tukaone mwamba ambao wenyeji wa asili wa nchi hii waliuchonga michoro mamia ya miaka iliyopita.

"Halafu kuna rafiki yangu wa kazini, Taki," alisema tulipokwisha kuingia barabara kuu, macho yake mbele. "Atakuja na mama yake mdogo. Tutakutana nao huko."

"Kwa bahati tu?"

"Kwa bahati tu, Baba."

Hapo nikajua.

Kwetu sisi Makhoja mambo ya posa hayaanzi kwa barua. Kwanza watu hukutana kwa bahati, na bahati hiyo huchukua wiki tatu kuipanga. Mimi mwenyewe, mwaka wa themanini na tatu, Singida, mama alinituma duka fulani kununua balbu ya tochi, na balbu tulikuwa nazo tele nyumbani. Msichana aliyeniuzia ndiye Farhat. Nyuma ya pazia walikuwepo mama yake, shangazi yake na jirani aliyekuja kuangalia tu. Sheria ni moja: siku hiyo hakuna anayelitaja jambo lenyewe. Mnazungumza mvua, mnakula vitafunio, mnaagana.

Na usipotaka? Hukatai. Kukataa ni kumvunjia mtu heshima, na kesho mtaonana msikitini. Unajichafua. Unajisema vibaya wewe na nyumba yako, kidogo kidogo, kwa sauti ya masikitiko, mpaka wale wenyewe waone kwamba hapa si pa kuingia. Baba yangu aliwafukuza wachumba wawili wa dada yangu kwa hadithi ya kifafa ambacho hatujawahi kuwa nacho. Waliondoka wakituombea dua.

Mimi nilikuwa siitaki posa hii. Nitasema wazi, maana sina wa kumficha: nilikuwa naogopa. Farhat alifariki miaka minne iliyopita. Mwanangu Wasi alihamia Calgary mwaka uliofuata. Tumebaki mimi na Wajiha kwenye nyumba ya vyumba vitatu, na jioni nikisikia ufunguo wake mlangoni ndipo ninapokumbuka kwamba tangu asubuhi sijatamka neno. Akiolewa nitabaki na redio. Basi niliketi kwenye gari lile, shati limenyooka, ndevu zimepunguzwa, nikawa natafuta la kujisingizia.

Tulifika saa nne na nusu. Ni msitu wa misonobari, mahali patulivu, magari machache. Wao walikuwa wameshafika na wametandika kitambaa kwenye meza ya mbao. Kijana alisimama haraka. Mrefu, ndevu za kuchongwa, simu mkononi.

"Salaam aleikum, Anko. Nimesikia mengi kuhusu wewe."

"Kutoka kwa nani?" nikamwuliza.

Akacheka, akamtazama Wajiha. Nikaangalia kidole chake: hana pete. Nikaangalia simu yake: inawaka, anaificha. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, nikajisemea, na kamba ya huyu nitaiona kabla ya adhuhuri.

Yule mama mdogo aliitwa Almas, kwa heshima ya Kikhoja Almasbai. Mwanamke wa miaka sitini hivi, mtandio wa kijani, miwani iliyoning'inia shingoni. Hakucheka ovyo na hakunisifia viatu. Alinitazama moja kwa moja, kuanzia utosini, kama ninavyotazama mimi mpira wa mlango. Nikaona hapo kwamba mwenye kazi siku hiyo si kijana. Kijana ameletwa, mama huyu ndiye aliyekuja kukagua. Mkaguzi humjua mkaguzi.

"Wajiha anasema wewe ni mtu wa Singida, Aliakbarbhai," alisema akinimiminia chai kutoka kwenye chupa. "Mimi ni wa Kondoa. Sasa naishi Brampton, chini kwa Taki."

Anaishi kwa kijana, basi. Kwa hiyo Wajiha angekwenda kukaa na mama mkwe kwenye ghorofa ya chini. Nikavuta pumzi nikaanza kazi.

Wajiha alikuwa amekaanga kababu usiku wa jana yake, nyumba nzima ikanuka bizari. Almasbai alipochukua moja na kuisifu, nikasema, "Tumshukuru mwenye duka pale Scarborough. Kwetu hakuna anayejua kupika. Tangu marehemu aondoke, tunakula mikate."

Wajiha akageuka. "Baba!"

"Ukweli ni ukweli, mwanangu."

Almasbai alitafuna polepole. "Na wewe je? Kupika hujui?"

"Mimi? Nikichemsha maji yanaungua."

Akatikisa kichwa, akafuta vidole. Nikaona limeingia. Wajiha na Taki wakasingizia kwenda kutazama ramani ya hifadhi, wakatuacha mezani sisi wawili, na hiyo pia ilikuwa dalili: vijana wanapisha wazee wazungumze. Sawa, tuzungumze.

Nikamwambia kwamba kwetu baridi ni kali ndani kuliko nje, kwa sababu mimi ni bahili na sipandishi moto kabla ya Desemba. Nikamwambia kwamba nakoroma hadi jirani wa ukuta wa pili aligonga kwa fimbo ya ufagio. Nikamwambia kwamba upande wa babu yangu kuna wazimu kidogo, si wa kupiga watu, wa kuzungumza na kuku tu. Kila nililotamka nililitamka kwa huzuni, kama alivyonifundisha baba yangu, na baada ya kila moja nilishusha pumzi.

Yeye alisikiliza. Maswali yake ndiyo yaliyonishangaza.

"Dawa ya presha unakunywa asubuhi au jioni?"

"Asubuhi. Nikikumbuka."

"Na mguu? Nimeona ukishuka kwenye gari umeshika mlango."

Huyu ni mama mkwe wa namna gani, nikawaza, anauliza mguu wa baba wa bibi harusi? Halafu nikapata jibu. Anataka kujua kama nitakuwa mzigo. Anapima kama siku moja nitaletwa Brampton, nikalazwe kwenye kitanda karibu na chake. Vizuri sana, hilo nalo nitalitumia.

"Mguu unazidi kuharibika," nikasema. "Na nikuambie kitu, Almasbai. Mimi sipendi watu nyumbani kwangu. Mgeni akikaa saa moja naanza kutazama saa. Nikiletewa mtu wa kukaa nami, nitamkagua mpaka akimbie mwenyewe. Ndivyo nilivyo, sibadiliki."

Kisha akafunga kifuniko cha chupa ya chai, akakaza vizuri, akasema, "Nimekuelewa, Aliakbarbhai." Akaanza kukunja kitambaa. Sauti yake ilikuwa ya adabu kabisa, lakini uso ulikuwa umefungwa kama ile chupa. Nilipaswa kufurahi. Nilijiona mshindi na wakati huohuo nikajiona mtu mbaya, maana mwanamke yule hakuwa amenikosea.

Tukaenda kuuona huo mwamba. Njia ni fupi, miti pande zote. Taki alitembea na Wajiha mbele, akasimama mara tatu kusoma simu, akaandika, akarudisha mfukoni. Mara moja alimwonyesha Wajiha kitu kwenye kioo cha simu na Wajiha akaweka mkono kifuani akasema, "Oh, masikini." Nikaongeza mwendo. Nilipowafikia wakanyamaza.

Mwamba wenyewe umejengewa nyumba. Nyumba kubwa ya vioo juu ya jiwe, ili mvua na barafu visiendelee kuula. Mlangoni alikuwepo mwongozaji, mama wa kabila la Anishinaabe, wenyeji wa asili wa pale, nywele zimefungwa nyuma, fulana ya kazi. Alisema kwa Kiingereza cha polepole kwamba jina la mahali pale kwa lugha yao maana yake ni miamba inayofundisha. Akasema hapa ni mahali pa ibada, watu wao bado wanakuja kuomba, kwa hiyo tuzungumze kwa sauti ya chini. Na picha haziruhusiwi. Simu zibaki mifukoni.

Nikampenda papo hapo. Siku hizi, kabla posa haijatajwa, picha ya msichana inakuwa imeshafika Mombasa, Dar es Salaam na London. Nikajipanga nyuma ya Taki nikautazama mfuko wake wa suruali.

Lakini nilipoinua macho niliusahau mfuko kwa dakika kadhaa. Jiwe ni jeupe, pana, limeteremka kama mgongo wa ng'ombe aliyelala, na limejaa michoro. Kobe. Nyoka mrefu anayefuata ufa. Ndege wenye miguu kama fimbo. Mtumbwi ulio na kitu kama jua juu ya mlingoti. Watu wenye mikono iliyoinuliwa. Mwongozaji akatuambia tunyamaze kidogo, na tuliponyamaza tukasikia maji yakipita chini ya mwamba, hayaonekani, yanasikika tu. Nywele za mikono zikanisimama. Sikuwa nimetegemea hivyo.

Halafu jicho langu likaanza kazi yake. Michoro ilikuwa myeusi ndani. Weusi mzuri, sawasawa, kwenye kila mmoja. Nimetazama weusi wa mpira miaka ishirini na sita, najua weusi wa umri na weusi wa juzi.

"Samahani," nikamwambia mwongozaji kwa Kiingereza. "Kama michoro hii ni ya mamia ya miaka, mbona rangi hii ni mpya?"

Wajiha akanivuta shati. Mama yule hakukasirika.

"Una macho," alisema. "Walioichonga hawakuweka rangi hiyo. Waliokuja kuitafiti, zamani kabla ya nyumba hii kujengwa, ndio walioijaza ili waione vizuri. Sasa haitoki bila kuumiza jiwe."

Nikaitikia kwa kichwa. Angalau hapa kasoro ilikiriwa. Almasbai, aliyekuwa hajasema kitu tangu mezani, akanong'ona kwa Kiswahili, macho yake kwenye kobe.

"Sisi tulimwagia maji."

"Nani?" nikauliza.

"Sisi. Kule Kolo, karibu na Kondoa, kuna mapango yenye michoro ya rangi. Baba yangu alikuwa na duka. Wageni wakija na kamera, anawapeleka, na mimi nabeba ndoo. Ukimwagia maji michoro inang'aa dakika mbili, inaonekana kama imechorwa leo. Wageni wanafurahi. Nilikuwa na miaka tisa, nilijiona muhimu sana." Akavua miwani akaifuta. "Mwaka nilioondoka kuolewa, nilikwenda kumwaga mara ya mwisho. Kulikuwa na twiga mmoja niliyempenda. Nusu yake ilikuwa imekwisha. Tulimwosha sisi wenyewe, tukitaka aonekane vizuri zaidi."

Nilitamani kumwambia kwamba mtoto wa miaka tisa hana kosa. Nilitamani pia kumwambia kwamba kababu zilikuwa za Wajiha. Lakini maji yakimwagika hayazoleki, na mimi nilikuwa nimemwaga ndoo nzima.

Tukafika upande wa pili wa mwamba. Palikuwa na mchoro mmoja wa mtu, pekee yake, kichwa kikubwa. Nikamwuliza mwongozaji unamaanisha nini.

"Ninajua nilivyofundishwa," akasema. "Lakini huo si wa kusimulia leo."

Alisema kwa upole, na alikuwa na haki yake. Mimi ndiye niliyekuwa nimejaa hadi shingoni. Simu ya Taki ikatetemeka mfukoni, Wajiha akamtazama Taki, Taki akamtazama Almasbai, na Almasbai akatikisa kichwa kidogo sana, hapana. Nikaona yote matatu.

"Basi!" nikasema kwa Kiswahili, na vioo vikalirudisha neno. "Kila mtu leo anajua jambo asilotaka kuniambia! Hata mawe! Semeni! Almasbai, umekuja kumtaka binti yangu kwa huyu kijana. Sema basi, nikujibu!"

Watalii wawili wakageuka. Mwongozaji akanijia, akanigusa kiwiko, akasema kwa sauti ileile ya chini kwamba kama tuna shughuli ya kifamilia, nje kuna benchi. Aibu niliyoiona sijawahi kuiona. Mtu mzima, nimefukuzwa kwenye nyumba ya ibada ya watu kwa kelele.

Nje jua lilikuwa kali. Hakuna aliyekaa kwenye benchi. Taki ndiye aliyeanza, maskini, uso umemwiva.

"Anko, mimi nina mke. Anaitwa Shaila. Tuna mtoto wa miezi mitano, ana homa tangu jana, ndiyo maana simu haitulii. Pete sivai, kazini inachana glavu."

Nikamgeukia Wajiha. "Kama si yeye, ni nani?"

"Hakuna mtu, Baba."

"Basi huyu mama amekuja kufanya nini?"

Wajiha alitazama viatu vyangu. Vile vipya. Na mimi nikavitazama. Kisha nikatazama shati, lile lililonyooka, nikagusa ndevu zangu. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Nilikuwa nimesimama nyuma ya pazia siku nzima nikimchungulia bwana harusi, na bwana harusi ni mimi.

"Almasbai," nikaanza.

"Umenikataa tangu kwenye kababu," alisema. Hakuwa na hasira, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Nimeelewa mara moja. Sisi wa Kondoa nasi tunajua kujichafua, Aliakbarbhai. Nikasema, hanitaki, lakini angalau ana adabu, anajisema yeye na hanisemi mimi. Nilikuwa nangoja tu tumalize kutembea niende zangu."

"Sikujua ni wewe."

"Na kama ungejua?"

"Ningesema kwamba kupika najua. Nimempikia marehemu miaka miwili ya ugonjwa wake." Nikalinyoosha shati langu. "Pilau yangu haina kasoro. Nimeikagua mwenyewe."

Taki akacheka kwa pua, akajificha. Almasbai hakucheka, lakini alivaa miwani yake tena, akanitazama upya.

"Na huko kukoroma?" akauliza.

"Huko ni kweli."

"Marehemu mume wangu alikuwa mtu asiye na kasoro hata moja siku tuliyokutanishwa. Zilitoka baadaye, moja moja, kwa miaka kumi na tisa." Akashusha pumzi. "Wewe umezimaliza kabla ya saa sita mchana. Sijui nifanye nini na mtu kama huyo. Nitafikiri."

Ningeweza kuishia hapo na kwenda nyumbani mwenye furaha. Lakini mkaguzi hajui kuacha. Kitu kimoja kilikuwa hakijakaa sawa, nikamgeukia binti yangu.

"Kwa nini sasa?" nikamwuliza. "Miaka minne nimekaa hivi. Kwa nini Julai hii?"

Wajiha akaanza kulia kabla hajafungua mdomo. "I got a job, Baba. Hospitali. Whitehorse, Yukon. Niliomba mwezi wa tatu. Nimekubali mwezi wa tano."

Whitehorse. Nimeiona kwenye ramani, iko juu kule ambako ramani inakaribia kwisha.

"Mwezi wa tano," nikasema. "Na mimi hukuniambia. Mpaka umtafute kwanza mtu wa kunishika, kama mgonjwa. Kwa nini hukuniambia?"

"Because of Wasi!" Alipaza sauti, akakumbuka alipo, akaishusha. "Wasi alipotaka kuondoka ulishika kifua. Tukaita ambulensi. Siku tatu hospitali, madaktari hawakuona kitu. Akaahirisha. Akapanga tena, ukashika kifua tena. Mara ya tatu aliondoka bila kukuaga ana kwa ana, Baba, alikuaga kwa simu kutoka uwanja wa ndege, mpaka leo anajiona amekuua. Mimi sikutaka kuondoka hivyo. Nilitaka nikuache na mtu halafu ndiyo nikuambie. Niliogopa utaugua."

Taki alikuwa amegeukia miti. Almasbai alibaki palepale, ananitazama, na sikuweza kumficha uso wangu.

Nilikuwa nimewashuku wote siku ile: kijana, mama wa watu, hata wenye mwamba wao. Sikujua kwamba nyumbani kwangu anayeshukiwa ni mimi, na kwamba watoto wangu wamenikagua miaka mitatu, na kasoro wameshaiona. Maana ilikuwa kweli. Mara ya kwanza kifua kiliniuma. Mara ya pili hakikuniuma hata kidogo. Hilo sijawahi kumwambia mtu, na usoni mwa Wajiha niliona kwamba analijua.

"Mara ya pili nilidanganya," nikasema.

"I know, Baba."

Akafuta pua kwa mgongo wa mkono, kama alipokuwa mdogo, kisha akanitazama mkono wangu wa kulia. Taki akageuka, naye akautazama. Walikuwa wanangoja niuinue nishike kifua.

Na kiliniuma. Wallahi kiliniuma, kuliko siku zote mbili za Wasi, kimekaza kama mtu aliyekalia mbavu zangu. Mkono ulikuwa mfukoni, umeshika funguo za nyumba.

"Unaondoka lini?" nikamwuliza.

"Tarehe tisa Agosti."

"Koti lako hili la Toronto halitafaa kitu huko. Jumatatu twende tukanunue la maana. Na viatu."

Alizidi kuutazama mkono wangu, nami nikazibana funguo zile hadi meno yake yakaniingia kiganjani, nikamwuliza kama huko Whitehorse bizari inapatikana.